Mume wangu amekatwa pua kwa saratani, Januari anatakiwa darasani. Nani amewahi kuvaa pua ya bandia?

MamaZuhura (Morogoro)

Habari za humu wapendwa. Miaka yote huwa nasoma tu na kupita, leo limenifika.

Mume wangu ana miaka 47, mwalimu wa hisabati sekondari. Mwaka jana alianza na kitu kama kipele ndani ya tundu la pua, upande wa kulia. Kila akipenga, damu kidogo. Tukanunua dawa ya kupaka dukani, tukabadilisha, tukabadilisha tena. Walipokuja kuchukua kinyama na kukipima, majibu yakarudi saratani, na ilikuwa imeshakula kile kigegedu cha katikati. Madaktari wakasema pua yote itoke ili apone. Ikatoka. Baada ya hapo mionzi hospitali ya saratani Ocean Road, Dar, wiki 6, kila siku ya kazi, tukilala kwa dada yake Temeke. Namshukuru Mungu, vipimo vya mwisho ni visafi.

Kwa hiyo siandiki kuhusu kufa. Naandika kuhusu kuishi. Tangu turudi nyumbani anakula chumbani peke yake. Anashinda na barakoa, analala na barakoa. Kioo cha kabati amekibandika magazeti. Gozi anabadilisha mwenyewe mlango umefungwa kwa ufunguo, na mimi mkewe kidonda chake sijawahi kukiona, mwezi wa 5 huu. Binti yetu wa mwisho ana miaka 6, alimuuliza, "Baba, barakoa utavua lini?" Hakujibu, na siku hiyo hakutoka kabisa.

Halafu kuna jambo dogo ambalo nisingewahi kulifikiria: miwani. Miwani yake ya kusomea haina pa kukaa. Ameifunga kwa raba kisogoni lakini inateremka hadi kwenye barakoa na kujaa mvuke. Daftari za kidato cha pili alizoondoka nazo bado ziko kwenye mfuko wa rambo, hazijasahihishwa.

Shule zinafunguliwa Januari na mkuu wa shule ameshauliza mara mbili. Daktari mmoja alitaja pua ya bandia tukiwa tunaaga mlangoni, hakusema inapatikana wapi wala inashikwa na nini. Nilipokwenda kuulizia wanakotengeneza viungo bandia, nikaonyeshwa miguu.

Naomba mwenye uzoefu anieleze. Inafanana na pua kweli, au ni kinyago? Inadondoka? Anaweza kufundisha nayo vipindi viwili mfululizo, dakika 80, kwenye joto la huku? Na swali la mwisho, hili naliuliza kwa kuona haya: nikimwambia nataka kukiona hicho kidonda nitakuwa namsaidia au namtonesha?

Mizizi_Tiba

Pole dada. Ipo dawa ya mti inayootesha nyama upya ndani ya siku 40 na saratani yenyewe inakimbia. Nitafute pembeni tuelewane bei.

FundiSaa_Ngamiani (Tanga)

Mama Zuhura, pole sana kwa kuuguza. Huyo wa siku 40 mruke kama dimbwi. Jicho langu lina mwaka wa saba tangu litoke na halijachipua hata ukope.

Mimi ni fundi saa hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani, kibanda nimerithi kwa marehemu baba. Umri wangu 63. Ilianza na kinyama cheupe pembeni ya mboni ya kulia, kama punje ya ufuta. Nikadhani vumbi la kazi. Nikatia matone ya dukani karibu mwaka mzima, na kila anayekaa kwenye benchi langu alikuwa na dawa yake. Nilipofika kwa daktari wa macho ilikuwa imeshajichimbia nyuma. Saratani hii ya juu ya jicho kwetu Afrika Mashariki si ngeni, jua lina mkono wake, na huandamana sana na upungufu wa kinga, ndiyo maana jambo la kwanza walinipima virusi. Sikuwa navyo. Nalitaja tu ili mwingine akiambiwa apime asione ametukanwa.

Wakatoa jicho, kope za juu na chini, na nyama yote iliyokuwa ndani. Hapo watu hunichanganya na wengine. Jicho la bandia wanalolijua wengi ni kigamba kinachokaa nyuma ya kope, na kope zenyewe bado zinapepesa. Mimi sina cha kupepesa. Langu ni kipande cha silikoni chenye jicho, kope, ukope na mikunjo yangu ya uzee, kinafunika shimo kama mfuniko wa nyuma wa saa. Haligeuki. Nikikutupia jicho kwa pembeni lenyewe linabaki linatazama mbele, kwa hiyo nimejifunza kugeuza kichwa kizima, kama bundi.

La kwanza lilikuwa balaa. Sitaji lilikotoka. Rangi walichukua kwenye picha ya simu, likaja jicho la mtu wa rangi ya chai ya maziwa, na mimi ni kahawa ya mtaani. Nililivaa mara moja tu. Jirani mmoja msikitini akaniuliza kwa upole nani amenipaka poda. Nikalitia kwenye kopo la springi za saa, limo mpaka leo.

La pili nilikaa na mtengenezaji mwenyewe, mama mmoja mtulivu, siku mbili, kiti kando ya dirisha. Alinikataza kukaa chini ya taa, akasema rangi zinazofanana chini ya taa hugombana juani. Nilidhani atatafuta kahawia inayofanana na mimi amalize. Kumbe ngozi moja ina rangi nyingi: alitia nyekundu, njano, na buluu kidogo mno hapa chini ya jicho, kisha akanyunyiza nyuzi nyekundu laini zikawa mishipa. Kila tone alilinganisha na shavu langu la pili. Nikasema huyu ni fundi mwenzangu. Malipo yake yalinigharimu mashine moja ya kusafishia saa kati ya mbili nilizokuwa nazo, na sijaijutia.

Sasa maswali yako. Ukikaa meza moja na mimi utajua. Ukipishana na mimi barabarani hutajua. Faida yake ni hiyo, na usiione ndogo. Kabla ya hapo kila aliyenisalimia nilikuwa nadaiwa hadithi. Muuza samaki anataka hadithi, kondakta anataka hadithi, mtu kaleta saa ya kubadilisha betri, kazi ya dakika tatu, anataka nimweleze kuanzia ile punje ya ufuta. Sasa hadithi ninayo mimi, naitoa nikipenda.

Kudondoka, ndiyo. Mwezi Machi hapa Tanga hewa ni kama uko ndani ya sufuria ya wali. Siku moja nimeinamia saa ya kike, jasho limeingia chini ya ukingo, mtoto wa miaka kama minane kaletwa na mama yake akasema, "Babu, jicho lako linabanduka." Mama akamfinya. Nikamwambia mtoto ni kweli, limekwisha gundi, kama mkanda wa saa ya mama yako. Akasema, "Haya. Na saa itakuwa tayari lini?" Tangu siku hiyo droo ya pili ina gundi, kitambaa safi na kioo kidogo. Mwalimu naye aweke vyake kwenye mkoba wa chaki. Baada ya kipindi cha kwanza aingie chooni, afute jasho, abonyeze kingo, arudi.

Mafuta ya nazi yakae mbali na kingo, gundi haishiki. Kukilaza usiku ni lazima. Nakibandua taratibu, nakiosha kwa maji na sabuni isiyo kali kwa ncha za vidole, kamwe si kwa spiriti, na ngozi nayo naiosha ilale wazi. Udhu natia nyumbani kabla sijabandika. Kwa mume wako kuna jambo la kusujudu, maana pua inagusa chini. Kama ni Mwislamu, hilo mpelekeeni shehe wenu, mimi langu halifiki kwenye mkeka.

Na yapo ambayo hakuna silikoni inayoyarudisha. Jicho nililokuwa nabania ile lenzi ya kazi ni la kulia. Nilikaa miezi kufundisha la kushoto, na vibanio vilikuwa vinafika hewani badala ya kwenye skrubu. Chai nilimwaga sana. Ukiwa na jicho moja huoni umbali vizuri, kwa hiyo mdomo wa birika nauegemeza kwanza kwenye kikombe ndipo namimina. Wageni hudhani ni adabu ya kizamani.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya nivae miwani niandike yote haya.

Mimi nilimficha mke wangu miezi 8. Hata nilipopata lile jicho zuri nililivaa mpaka kitandani ili asione shimo. Kwa hiyo lilikaa mchana na usiku, ngozi haikupata hewa, na kidonda kikatoka ukingo wa juu ambako mwenyewe sikuwa na jicho la kukionea. Yeye alinusa kabla sijajua. Akasema, "Mimi nimekuzalia watano na ulikuwepo. Kaa hapo." Akachukua tochi ya simu, akanitoa jicho kama anavyotoa mwiba, akamulika ndani, akatazama muda mrefu. Mimi nimejiandaa kwa kilio. Akasema, "Kumbe ndani ni rangi ya waridi, kama mdomo wa paka."

Basi. Akaniletea maji ya chumvi. Kwa kilio nilikuwa tayari, kwa paka sikuwa tayari, nikacheka mpaka chozi likatoka upande mmoja. Usiku ule nilikula mkekani na wenzangu.

Kwa hiyo mwanangu, unamsaidia. Ila usimvizie akiwa amelala, na usiseme "nataka kuona", maana atasikia "nataka kutazama". Omba kushika tochi. Mwambie mtu mmoja hawezi kushika tochi, kioo na gozi kwa mikono miwili, na hilo ni kweli tupu. Lifanyeni kabla ya pua ya bandia kuja. Ikija wewe hujaliona shimo, ataivaa kukuficha wewe, na ngozi yake itamlipa kama yangu ilivyonilipa.

Nta_na_Kalibu (Dar)

Shikamoo mzee Fundi Saa, nimeisoma yako mara mbili. Mama Zuhura pole.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya meno, na nyuso zimekuja mezani kwangu kadhaa. Kuonyeshwa miguu si ajabu. Mafundi wa viungo tunaowajua, wakiwemo wale wanaosomea Moshi pale KCMC tangu 1981, kazi yao ni miguu, mikono na vyuma vya kutembelea. Pua, sikio na jicho la namna ya mzee kwa kawaida huangukia watu wa meno, kwa sababu sisi ndio wenye nta, kalibu na mazoea ya kuchukua alama za mwili. Anzia hospitali kubwa yenye upasuaji wa kinywa, taya na uso, uliza daktari wa meno ya bandia anayetengeneza na vya usoni. Nenda na barua ya daktari aliyempasua inayosema kidonda kimetulia, pamoja na picha za zamani, za mbele na za ubavu. Ile ya kitambulisho haitoshi, pua kwenye kitambulisho ni duara tu.

Kazi yenyewe iko hivi. Tundu linazibwa kwa gozi yenye mafuta ili kitu kisiingie ndani, anapumua kwa mdomo, halafu uso unamwagiwa ule uji tunaochukulia alama za meno. Ni wa baridi, mwambie kabla, watu hushtuka. Hapo tunapata uso wake wa jasi, na juu yake tunachonga pua kwa nta. Kama picha hazisaidii tunaazima pua ya ndugu: kaka, au mtoto mkubwa wa kiume aliyefanana naye, tunachukua alama ya pua yake na kuanzia hapo. Anajaribishwa nta, anajitazama, anasema "nyembamba kidogo", tunapunguza. Yule anayenyamaza tu kwenye kujaribishwa nta ndiye anayerudi baadaye na malalamiko, kwa hiyo wewe mama uwepo useme. Kisha kalibu, silikoni inayopakwa rangi tabaka kwa tabaka, na matundu mawili ya hewa yanayopitisha kweli.

Kuhusu kushikilia: gundi ya kitabibu ndiyo ya kawaida. Kuna njia ya skrubu za titani zinazowekwa kwenye mfupa, pua inanasa kwa sumaku, "tk", na jasho halina habari nayo. Ilitoka Gothenburg, Sweden, kwa daktari Per-Ingvar Brånemark, aliyegundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa wa sungura umeng'ang'ania titani hadi haitoki. Mwaka 1965 akampandikizia mtu meno kwa njia hiyo, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wenzake wakashikizia masikio. Lakini mumeo amepigwa mionzi, na mfupa uliopigwa mionzi haushiki kwa urahisi kama mwingine. Daktari atapima mwenyewe. Mimi ningeanza na gundi na miwani. Miwani yenye fremu nene inakalia pua, pua inashikiliwa na miwani, na fremu inafunika ule mstari wa juu ambako silikoni inakutana na ngozi. Tatizo la daftari linaondoka hapo hapo.

Januari msiikimbilie. Baada ya upasuaji na mionzi uvimbe huendelea kushuka na kingo husogea. Ukitengeneza mapema, pua inakaa leo na baada ya miezi mitatu inaacha upenyo. Ikibidi arudi darasani mapema, omba ya muda, pua ya plastiki ngumu iliyounganishwa na fremu ya miwani. Haitadanganya mtu aliye karibu, ila inafunika, na sauti nayo inapata nafuu kwa kuwa hewa haivuji ovyo.

Silikoni nayo huchoka. Mwaka mmoja au miwili rangi inapauka, kingo zinachanika, na moshi wa mkaa unaiharibu haraka zaidi. Waambie kalibu yenu itunzwe kwa jina, ya pili isianzie kwenye uji tena.

Maji ya chumvi msiache. Pua ilikuwa inapasha hewa joto na kuilowanisha kabla haijafika ndani; sasa hewa inaingia kavu, ndiyo maana anapata magamba magumu. Yalowanishwe, yasing'olewe kwa kucha. Na uzuri wa pua ya kuvua ni kwamba daktari akitaka kuchungulia kama ugonjwa umerudi anaona moja kwa moja, hakuna ngozi iliyoshonwa juu yake. Kliniki asikose. Kidonda kipya au damu, asisubiri tarehe.

Mwalimu wa hisabati huenda akapenda hii. Tycho Brahe, Mdenmaki aliyepima nyota kwa macho makavu kabla ya darubini, alikatwa pua kwa upanga mwaka 1566 akiwa mwanafunzi wa miaka 20. Husimuliwa kwamba waligombania nani bingwa wa hisabati. Akavaa ya bandia maisha yake yote. Watu walisema ni ya fedha na dhahabu; walipoupima mfupa wake, majibu ya 2012 yakaonyesha ni shaba ya njano, ile ya bomba za maji. Mwaka 1572, akiwa na pua hiyo, akaiona nyota mpya angani na kuiandikia kitabu.

FundiSaa_Ngamiani (Tanga)

Marahaba mwanangu. Shaba ya bomba za maji! Tanga hapa ingeota kijani ndani ya wiki.

BiKofia (Mwanza)

Jamani nami niseme. Nina ualbino, nauza vitenge, sikio la kushoto lilikatwa kwa saratani ya ngozi miaka 4 iliyopita. Kusikia nasikia, kilichoondoka ni lile la nje.

Mama Zuhura, nimesoma habari ya miwani nikacheka peke yangu kama mwehu, maana yetu ni yale yale, mwenzako hana pa mbele, mimi sina pa pembeni. Na bila miwani mimi noti ya elfu kumi na ya elfu mbili naziweka puani ndipo nizitofautishe. Nilipewa sikio la silikoni, zuri kweli, lina hadi kijitundu cha hereni. Nikalining'inizia miwani, likabanduka nayo likaangukia kitenge cha mteja. Sasa miwani nimeitia kamba ya kuzunguka kichwa, chini ya kofia.

Mzee Fundi Saa namheshimu lakini kwenye moja tunapishana. Yeye anasema barabarani hutajua. Mimi barabarani natazamwa tangu nizaliwe, sikio lingenisaidia nini? Nikilivaa wanatazama rangi, nikilivua wanatazama rangi. Kwa hiyo nalivaa harusini, na siku nikijisikia kuvaa hereni zote mbili. Siku nyingine limo kwenye kisanduku chake, na kofia yangu pana inatosha. Kwa hiyo mwalimu akipata pua halafu siku nyingine akavaa gozi tu akaenda zake dukani, mwacheni. Nimeona ndugu wanamfuata mtu na kiungo chake mkononi, "vaa, wageni wamekuja." Wageni ndio wavae.

Yangu mimi daktari alisema ni jua. Najipaka ile losheni ya kukinga jua wanayotengeneza Moshi, asubuhi na nikitoka jasho. Hata ngozi ya mwalimu hapo pembeni ya kidonda, imepigwa mionzi, muulize daktari juu ya kuikinga.

MamaZuhura (Morogoro)

Nimesoma zote nikiwa jikoni, wali ukaungua. Asanteni. Mzee, nitajaribu ya tochi. Kumbe nilikuwa nimejipanga kusema yale yale uliyonikataza.

MamaZuhura (Morogoro)

Nimerudi, wiki 9 zimepita, samahanini kwa kimya.

Ya tochi ilichukua siku nne. Siku ya kwanza alisema, "Nitaweza mwenyewe." Siku ya nne magamba yalikuwa yamekauka sana, akafungua mlango akanipa simu bila kuniangalia. Nikamulika. Mzee, sikuona mdomo wa paka. Niliona kama ndani ya kombe la baharini, panang'aa, pana vikunjo, na hewa inapita naisikia mkononi. Mkono ulinitetemeka, nikamwambia ni simu nzito. Akasema, "Ni simu ile ile." Kisha akaniuliza panafananaje, maana na yeye alikuwa hajawahi kupaangalia vizuri, alikuwa anafanya kazi yote kwa kupapasa. Nikampiga picha. Aliitazama muda mrefu, akaikuza, akawa ananionyesha: hapa ndipo kigegedu kilikuwa, hapa hewa inakwenda. Mwalimu ni mwalimu.

Kula bado anakula chumbani mchana, usiku anatoka. Zuhura mdogo alipomuona bila barakoa akauliza kama inauma, akaambiwa hapana, akarudi kwenye katuni.

Pua tulianza. Daktari amesema tusubiri kidogo ile ya silikoni, ametengenezewa ya muda kwenye miwani, nyeusi fremu yake, ameanza shule kwa vipindi vichache. Wanafunzi siku ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu mmoja nyuma akaita "Tycho", maana aliwasimulia mwenyewe. Daftari kamaliza. Watu wa nta walitaka kuazima pua ya kaka yake, nikakataa, pua ya shemeji yangu naijua mimi. Tumechukua ya kijana wetu mkubwa, amekaa na ule uji usoni analalamika utafikiri anajifungua.

Kaniagiza nimuulize Mtu wa Nta swali moja, anasema humu ndani wote mmelikwepa: akipiga chafya je?

Nta_na_Kalibu (Dar)

Hatukulikwepa, tulisahau! Ataisikia inakuja kabla, kama zamani. Aishike kama mtu anavyoshika kofia kwenye upepo, ageuke, achafye kwa mdomo wazi. Ya muda kwenye miwani itaruka kidogo tu. Ya gundi ikiruka, aiokote, aioshe, aibandike upya.

BiKofia (Mwanza)

Na asisimame karibu na kitenge cha mtu.